Ukungu wa Kijani

Mwalimu Yeremia alizikwa Jumapili, mimi nikafika Jumatatu. Kwa umri wangu huu nimeshachelewa misiba mingi na kila mmoja nina kisingizio chake: gari, magoti, mvua. Kwa huu sina. Bodaboda iliniacha chini ya kilima, juu kidogo ya Kidete, nikapanda kwa miguu hadi kwenye nyumba yake ya matofali ya kuchoma. Nilikuta wanawake wanaosha masufuria na wanaume wanashusha turubai. Nikapewa kiti cha plastiki na sahani ya wali uliopoa, na maharage pembeni. Nilikula, maana msibani kukataa chakula ni dharau, na huku natafuna nilikuwa nafikiria mwaka mmoja tu wa maisha yangu, ule niliofanya kazi kwake Kilosa mjini. Nilipojitambulisha kwamba niliwahi kuwa msaidizi wa Mwalimu, watu walinishika mkono wakanipa pole kama mfiwa hasa. Sikuistahili pole ile, na sijui kama baada ya kusoma haya kuna atakayenipa nyingine.

Ilikuwa miaka ya ruksa. Soko huria limefunguliwa, mitumba imejaa gulioni, na viwanda vya umma vinafungwa kimoja baada ya kingine. Mashamba ya mkonge ya kwetu yalikuwa yameshageuka vichaka, na wale ambao babu zao waliletwa kuja kuukata mkonge huo walikuwa wamekaa vibarazani wakisubiri kitu ambacho hakuna aliyeweza kukitaja jina. Neno redandansi, yaani kupunguzwa kazi na kulipwa mafao, lilikuwa limeingia kila nyumba. Hata bibi asiyejua kusoma alilitamka bila kujikwaa. Mwalimu Yeremia alikuwa amefundisha kemia, akachukuliwa na kiwanda kimoja huko Morogoro kusimamia maabara, kisha kiwanda kikafungwa naye akapewa redandansi yake. Wenzake walinunua mashine za kusaga, au walioa mke wa pili. Yeye alinunua pipa la chuma na bomba la shaba, akapanga chumba cha nyuma kwenye bekari ya Mzee Simoni, akaniajiri mimi, binti wa miaka kumi na tisa niliyemaliza kidato cha nne kwa matokeo ya kuonea haya, isipokuwa kemia.

Chumba kile nakiona hata nikifumba macho. Kilikuwa na dirisha moja la wavu, meza ya mninga yenye mguu mmoja mfupi uliowekewa kipande cha tofali, na ukuta wa upande wa kushoto ulikuwa wa moto muda wote kwa sababu nyuma yake ndiko lilikokuwa tanuri. Juu ya meza kulikuwa na glasi za kunywea chai zilizogeuzwa kichwa chini, kila moja imefunika kipande cha mkate, na kila glasi ina karatasi yenye tarehe kwa mwandiko wa Mwalimu, mdogo na ulionyooka. Hiyo ndiyo ilikuwa maabara yetu. Nje uani pipa lilichemka juu ya mafiga matatu: majani ndani, maji chini, mvuke ukipita kwenye bomba lililozamishwa kwenye beseni la maji baridi, na mwisho wa bomba matone yakidondoka kwenye chupa. Juu ya maji ya chupa ile palielea utando mwembamba wa mafuta, na Mwalimu aliunyonya kwa bomba la sindano kwa uangalifu wa mtu anayemtoa mtoto mwiba. Mjumbe wa nyumba kumi alikuja siku ya pili tu, amekunja uso, akauliza kama Mwalimu mzima na cheo chake ameamua kupika gongo. Mwalimu akamnusisha chupa. Mjumbe alikohoa, akasema afadhali ingekuwa gongo, akaondoka zake.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Joto la Kilosa halina huruma kwa mkate. Siku ya tatu unaota ukungu. Mzee Simoni aliuza mikate yake mingi Mikumi, kwenye hoteli za barabarani wanakosimama madereva wa malori na mabasi, na sehemu kubwa ilirudi imeharibika. Mwalimu alisema mkate haukuwa na kosa, kosa lilikuwa kwenye nguo yake. Alichukua karatasi za khaki, akayeyusha nta ya nyuki, akachanganya na mafuta ya majani, na mimi nikapaka mchanganyiko huo upande wa ndani wa karatasi kwa unyoya wa kuku. Mafuta hayagusi mkate, alinieleza. Ni pumzi yake inayojaa ndani ya kifurushi na kuuzuia ukungu usiamke. Alilisema jambo hilo kila siku, kwangu, kwa Mzee Simoni, kwa mwenye kuni, na kila mara uso wake ulikuwa wa mtu anayelisema kwa mara ya kwanza.

Tulianza na mchaichai wa Chanzuru wakati wa masika, na kwa miezi michache mambo yalikwenda. Mkate ulikaa siku sita. Mama Hadija, mwenye hoteli kubwa pale Mikumi, alituma salamu kwa dereva kwamba wateja wake wanaupenda, wanasema ni mkate uliokuja na chai yake. Saa sita mchana tulikula kande kwenye bakuli moja kubwa, Mwalimu, Mzee Simoni na mimi, na Mwalimu akawa anapanga habari ya kuiuzia mikate nyumba ya wageni ya watalii wanaoingia mbugani, wale wanaofungiwa chakula cha mchana kwenye boksi. Alikuwa na mke huko milimani na watoto watatu, na alikuwa amemwandikia mke wake kwamba Krismasi itawakuta wote mjini. Redandansi yake yote ilikuwa ndani ya pipa lile. Akishindwa hapa, hakuna kiwanda kingine kilichokuwa kinamsubiri, na sote watatu tulilijua hilo bila kulisema. Mimi nilikuwa na furaha siku hizo, naandika neno hilo kwa shida kidogo.

Kiangazi kilipokaza, mchaichai ulikauka ukabaki kama nyasi za kuezekea. Mwalimu akaenda kwao, akarudi na magunia mawili ya mvumbasha wa mlimani, ule wenye majani ya kijivu na manyoya laini. Akachemsha tangu asubuhi. Nilikuwa ndani nakata karatasi mvuke ulipoanza kuingia dirishani, na mkasi ukanisimama mkononi. Ilikuwa harufu ya kafuri. Miezi miwili kabla ya hapo nilikuwa nimeshiriki kumwosha bibi yangu. Nilishika kata ya maji, nikasikia kafuri ile ikipanda kutoka kwenye sanda, na usiku wake sikuweza kula. Kwa sisi Waislamu wa Kilosa harufu hiyo ina mahali pake pamoja tu. Mwalimu akaingia na chupa, macho yanamng'aa. "Nusa, Zainabu. Hii ni ghala ya mama yangu. Kwetu mahindi yanawekewa majani haya, na hakuna mdudu anayesogea. Nimekulia ndani ya harufu hii." Nikanusa. Nikasema, "Ni kali, Mwalimu." Akacheka. "Kali ndiyo tunayoitaka."

Hayo tu ndiyo niliyoyasema. Nimejiuliza sababu kwa miaka zaidi ya thelathini na nimepata nyingi mno, jambo ambalo lenyewe linanitia shaka. Niliogopa kibarua kisije kikaota nyasi. Nilimwonea haya mtu mzima. Utamwambiaje baba wa watu kwamba ghala ya mama yake inanuka maiti? Nilijidanganya kwamba madereva wengi ni Wakristo na hawatajua, na kwamba hata pua yangu ingezoea. Mzee Simoni asingeweza kusaidia, yeye ugoro ulishamuua pua kabla mimi sijazaliwa. Na mkate nao ulikataa kuniunga mkono. Vipande chini ya glasi vilikaa siku sita, saba, nane, vyeupe kama vilivyotoka tanurini. Siku ya tisa Mwalimu aliinua glasi, akakata kipande, akakipaka asali, akala mbele yetu.

Jioni hiyo nilikuwa uani naosha chupa, nao wako upande wa pili wa ukuta. Mzee Simoni alikuwa anauliza kama si bora kusubiri mvua, mchaichai uchipue. Mwalimu akajibu, "Simoni, mimi naweza kujidanganya, mvumbuzi yeyote hujidanganya. Lakini huyu binti haninyimi neno. Nikikosea kipimo ananiambia, nikiandika tarehe vibaya ananiambia. Asiposema kitu, najua mambo yako sawa." Nilisimama na chupa yangu inachuruzika maji. Ungekuwa wakati mzuri wa kuzunguka ukuta na kuingia. Niliimalizia kuosha ile chupa, nikaosha na nyingine zilizokuwa safi.

Boksi la mikate lilipelekwa Mikumi kwa lori, na barua ya Mwalimu juu yake. Makubaliano yalikuwa kwamba siku ya nane mmoja wetu atakwenda kulifungua mbele ya Mama Hadija. Mikate ikiwa mizima, atachukua ya kwetu wiki nzima, na yeye mwenyewe atatupeleka kwa watu wa nyumba ya wageni. Siku hiyo ilipofika Mwalimu alikuwa na malaria, anatetemeka chini ya blanketi mbili, nikaenda peke yangu. Njiani kupitia kijiji cha Ulaya, nimekaa juu ya magunia ya mahindi, niliomba Mungu Mama Hadija awe na mafua. Hilo nalikumbuka vizuri, kwa sababu ni dua ya kipumbavu kuliko zote nilizowahi kuomba.

Boksi letu lilikuwa nje, chini ya upenu, mbali na mlango. Mama Hadija alikuwa amekaa kwenye benchi, amejifunga kanga mbili nzito, hana haraka yoyote. Nilimwamkia, "Shikamoo mama." Akaitika, "Marahaba," akaniuliza kama ndiye mimi wa mikate, nikasema ndiyo, naitwa Zainabu. Hakuniagizia chai. "Nimetoka Morogoro jana," alisema. "Nilikwenda kumzika mwanangu. Wa kike, rika lako. Nimemwosha kwa mikono hii. Nimerudi, nafungua stoo yangu nitoe mchele, namkuta humo ndani." Nikasema pole, mama. Akaniuliza nani anayetengeneza dawa ile, nikamweleza: ni Mwalimu, Mkristo wa milimani, kwao ni majani ya kuwekea mahindi, yeye hajui. "Yeye hajui," alisema Mama Hadija. "Na wewe, Zainabu? Kwenu hamzikani?"

"Tunazikana, mama."

"Uliisikia?"

"Niliisikia."

"Ukaniletea."

Hakupandisha sauti. Laiti angepandisha, ningelia na mambo yangeishia hapo. Aliangalia barabara kwa muda, malori yanapita, kisha akasema, "Chukua boksi lako. Mwambie mwalimu wako sina ugomvi naye. Mvua zikinyesha, atengeneze ile ya mchaichai, alete. Nitachukua." Kisha akamwita mtu amletee maji ya kutawadha, na mimi nikabeba boksi.

Lori la kurudi lilipata pancha porini, kabla ya kufika Ulaya. Dereva akitoa tairi, nilifungua boksi. Nilikagua mkate mmoja mmoja, nikageuza, nikapasua. Hakukuwa na ukungu, hata doa la kusingizia. Nikala kipande, ulikuwa mkate mzuri, laini, na ukishazoea harufu unasikia unga. Kundi la nyani lilikuwa limekaa kando ya barabara, nikawatupia mmoja, kisha mwingine, hadi boksi likabaki tupu. Walikula yote na hawakuona kasoro. Nilikuwa bado sijaamua kusema uongo wakati ule, au ndivyo ninavyopenda kukumbuka. Lakini mtu anayekusudia kusema kweli hawapi nyani ushahidi.

Mwalimu alikuwa amekaa kitandani, shuka mabegani, bakuli la uji mkononi. "Haya, niambie," alisema, na homa yote. Kama ningesema harufu, swali lililofuata lingekuwa lile lile la Mama Hadija, na sikuwa na nguvu ya kulijibu mara mbili kwa siku moja. Nikasema, "Imeota ukungu, Mwalimu."

"Yote?"

"Yote."

Aliweka uji chini. Nilitegemea ahuzunike, lakini kwanza alinyoosha mkono akachukua daftari lake chini ya mto. "Ukungu wa rangi gani?"

Sikuwa nimejiandaa kwa swali hilo. "Kijani," nilisema.

Akaandika: kijani. Akauliza kama ulianzia pembeni au katikati. Nikasema pembeni. Akaandika hilo pia. Akauliza Mama Hadija alisemaje, nikasema alisema tusipeleke tena. Hapo ndipo kalamu ilipotulia. "Pole, mwanangu," aliniambia. "Umeibeba aibu yangu peke yako hadi huku." Nikatoka nje nikakaa karibu na pipa.

Yaliyofuata ni mafupi kuyaeleza, ingawa yalichukua miezi. Mwalimu aliamini mafuta hayakutosha, akaongeza. Chini ya glasi mkate ulikaa siku tisa, kumi, kumi na mbili, na kadiri ulivyokaa ndivyo alivyozidi kuchanganyikiwa, kwa maana kama hapa unakaa, Mikumi uliota kwa nini? Akalaumu nta. Akalaumu joto la lori, na unyevu wa stoo ya Mama Hadija. Alitaka kwenda mwenyewe kumwomba radhi, nikamwambia mama yule amefiwa, amekasirika, asiende. Alikuwa mtu mwenye haya, na mimi niliitumia haya yake. Mvua zikaja. Mchaichai wa Chanzuru ukachipua hadi kiunoni, mkulima akaja mwenyewe kutuuliza kama tunauhitaji. Mwalimu alitikisa kichwa. "Kama mvumbasha na ukali wake umeshindwa," alisema, "mchaichai utaweza wapi?" Nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka kwake. Salamu za Mama Hadija zilikuwa mdomoni mwangu, nikazimeza, na nimekuwa nikizimeza tangu siku ile.

Kabla ya Krismasi mikate ya Dar ilianza kufika imevishwa nailoni inayong'aa, na Mzee Simoni akafunga tanuri. Ukuta wa kushoto wa chumba chetu ukapoa. Pipa na bomba la shaba vilinunuliwa na mama mmoja wa Magomeni ambaye hakuulizwa anavitaka vya nini. Mwalimu alirudi milimani na begi moja na madaftari yake. Kitu cha mwisho alichonifanyia ni kuniandikia barua ya kuombea nafasi ya mafunzo ya maabara, na barua hiyo ndiyo iliyonipa kazi niliyostaafu nayo. Iliandikwa kwamba mimi ni binti mwangalifu na mkweli. Kwa miaka yangu yote ya hospitali nimesoma majibu ya watu bila kubadilisha hata moja, mazuri na mabaya, na nimewahi kusifiwa kwa hilo. Haikunisaidia kitu. Ukweli niliodaiwa ulikuwa mmoja, na mwenyewe alikuwa juu ya kilima, safari ya nusu siku.

Rehema, binti yake wa kwanza, alikuja kukaa karibu yangu turubai lilipokwisha kukunjwa. Aliniamkia, akanishukuru kwa kuja. Akasema baba yake alinitaja mara nyingi, na kwamba hadi macho yalipomwisha alikuwa bado anachemsha majani nyuma ya nyumba na kufunika vipande vya mkate kwa glasi. Hakufanya kazi nyingine ya maana. Mama yao ndiye aliyelima. Wakati mwingine aliwaita watoto wake, na baadaye wajukuu, akawauliza kama mtihani. "Mama, wewe ulikuwepo," Rehema alisema. "Ule ukungu wa kijani wa Mikumi ulitoka wapi? Baba ametuuliza maisha yetu yote."

Nikamwambia. Nilimweleza kafuri, Mama Hadija, nyani, na salamu za mchaichai. Nilimweleza kwa mpangilio na bila kujitetea, kama ninavyosoma majibu. Alisikiliza mikono ikiwa mapajani. Nyuma yetu wanawake walikuwa wanahesabu sahani za kuazima.

"Kwa hiyo mkate haukuota," alisema.

"Haukuota."

"Hata mmoja."

"Hata mmoja. Baba yako alipatia."

Nilidhani atalia, au atanitukana, na nilikuwa tayari kwa yote mawili. Aliinuka, akaichukua sahani yangu tupu kutoka mikononi mwangu kwa adabu, kama anavyofanyiwa mgeni.

"Nilikupigia simu Jumanne, mama, nikakwambia anaumwa," alisema. "Alhamisi alikuwa bado anasikia."